Jumapili ni ya Nani?

Mwaka 2015 serikali ya Norwe ilishindwa katika jambo ambalo nchi nyingi zingelipitisha bila kelele: kuruhusu maduka yafunguliwe Jumapili. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1995, inayolinda utulivu wa siku takatifu, hufunga karibu maduka yote siku hiyo. Husalimika vibanda visivyozidi mita za mraba 100, vituo vya mafuta na maduka ya sehemu za watalii. Waziri mkuu Erna Solberg na wenzake waliona huo ni ukale, wakaleta pendekezo, wakaomba maoni ya wananchi. Wakayapata. Vyama vya wafanyakazi vilikataa. Watu wa kanisa walikataa. Chama cha Kikristo, ambacho serikali ilikitegemea bungeni, kilikataa. Hata watu wasiotia mguu kanisani tangu wabatizwe nao wakakataa. Ilipofika Aprili, pendekezo lilikuwa limeondolewa.

Jambo la kushangaza ni kwamba Norwe ni nchi ambayo mabenchi mengi ya kanisa hukaa matupu Jumapili ya kawaida. Mwaka 2012 bunge lilibadili katiba, Kanisa la Kilutheri likakoma kuwa dini ya dola, na tangu 2017 linajiendesha lenyewe kisheria. Sasa watu hao waliokuwa wakiitetea Jumapili kwa nguvu namna ile, walikuwa wakitetea nini?

Jibu hupatikana Februari katika treni ya mjini Oslo, njia namba 1, inayopanda kilima kwenda Frognerseteren, zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Jumapili behewa hujaa skii, mabegi yenye chupa za chai, na watoto waliovimba kwa mavazi hata mikono haishuki. Kituo cha mwisho wanamwagika nje, wanakaa kwenye sleji zao na kuteremka Korketrekkeren, njia ya theluji yenye urefu wa karibu kilomita 2 inayojipinda msituni hadi kituo cha Midtstuen, ambako hupanda treni ileile kurudi juu wakaanze tena. Wengine huchukua njia namba 5 hadi ziwa la Sognsvann, na kutoka hapo hukata msitu mpaka Ullevålseter, penye kakao moto na mikate ya waffle. Mlangoni mwa msitu hakuna anayekata tiketi. Sheria ya mwaka 1957 humpa kila mtu haki ya kutembea porini hata kama ardhi ina mwenyewe, na kupiga hema kwa siku mbili mradi awe mita 150 kutoka nyumba ya mtu.

Hayo ni mapumziko? Ni ibada iliyovua joho? Au ni burudani tu iliyojipa hadhi? Maswali hayo matatu huulizwa mara kwa mara kaskazini ya Ulaya, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka. Mchungaji anasema msitu umemwiba muumini. Mtembezi anasema Mungu, kama yupo, yuko msituni. Wote wawili wanamzungumzia mtu mzima. Kuna mwingine aliyeburutwa nyuma kwenye sleji, pua inatiririka, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Amri ya kupumzika inaposomwa ibadani, masikio mengi husikia jambo moja tu: acha kazi. Lakini maandiko yenyewe, katika Kutoka sura ya 20, yanachukua nafasi kuhesabu watu. Baada ya mwenye nyumba anatajwa mwanawe, kisha binti yake, kisha watumwa wa kiume na wa kike, mifugo, na mgeni anayeishi mjini mwake. Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inairudia orodha hiyo na kueleza sababu: watu hawa walipata kuwa watumwa Misri, wanajua kuishi bila hata siku moja ya kwako. Ukiisoma hivyo, amri haimwambii aliyechoka alale. Inamwambia mwenye mamlaka awaachilie walio chini yake. Mtumwa hana uwezo wa kujipumzisha, wala punda, wala mtoto. Anayeambiwa ailegeze kamba ni yule anayeishika.

Na mtoto ndiye wa kwanza kutajwa, kabla ya wote wanaochapa kazi. Wahubiri hupita hapo upesi.

Kuna mtu asiyetajwa kabisa katika orodha ile: mke. Wafafanuzi husema amejumuishwa katika yule anayeambiwa, na huenda ni kweli. Ila mama yeyote aliyeamka saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili akapika, akaogesha, akapiga pasi na kusuka nywele ili familia ifike kanisani imetakata, anaweza kuwa na maoni mengine juu ya kimya hicho.

Karne nyingi baadaye, mwaka 321, mfalme Konstantino wa Roma aliamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku ya jua, lakini akawaruhusu wakulima waendelee, maana msimu haumsubiri mtu. Tangu hapo kila jamii imekuwa na hesabu yake ya nani apumzike na nani afanye kazi ili huyo apumzike. Norwe ya leo imeiandika hesabu hiyo katika sheria ya kazi: kila mfanyakazi apate saa 35 mfululizo bila kazi kila wiki, na kadiri iwezekanavyo Jumapili iwe ndani yake, aliyefanya kazi Jumapili hii aachwe huru Jumapili ijayo. Dereva wa ile treni ya Frognerseteren, ambaye pengine ni mhamiaji, naye ana watoto nyumbani. Vyama vya wafanyakazi vilipokataa maduka ya Jumapili havikuwa vikitetea theluji. Vilikuwa vikiwatetea watoto wa keshia wa duka.

Msitu na kanisa havikupatana tangu mwanzo. Shirika la watembea milima la Norwe lilianzishwa mwaka 1868, na chama cha wapenda skii cha Oslo mwaka 1883. Kisha mwaka 1888 Fridtjof Nansen na wenzake watano, wawili kati yao, Samuel Balto na Ole Nielsen Ravna, wakiwa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, walivuka Greenland kwa skii, na taifa zima likataka kuteleza kama wao. (Kwa Wasami wanaochunga paa wa kaskazini, kutoka nje wakati wa baridi hakukuwa matembezi, ilikuwa ni kwenda kazini. Wazo la kwamba porini ni mahali pa kupumzikia ni la mtu wa mjini.) Treni zikawafikisha wafanyakazi wa Oslo pembeni mwa msitu, na siku yao ya kufika huko ilikuwa moja tu. Kusini na magharibi mwa nchi, katika nyumba za maombi zilizozaliwa na uamsho wa Hans Nielsen Hauge, mwana wa mkulima aliyefungwa gerezani kwa kuhubiri bila kibali, kuteleza Jumapili kulitazamwa kwa jicho baya. Siku ya Bwana ilikuwa ya kukaa, kuimba na kusikiliza.

Kanisa rasmi lilikuwa na akili ya mvuvi: samaki wakihama, hamia walipo. Mwaka 1903 kanisa dogo la mbao lilijengwa Holmenkollen, jirani na uwanja wa kurukia skii. Lilichomwa moto mwaka 1992, likajengwa upya na kufunguliwa 1996. Katikati ya msitu wa Nordmarka nako kuna kanisa kwa ajili ya wapita njia. Wakati wa Pasaka wachungaji hupanda milimani, waumini wakachomeka skii zao kwenye theluji, na madhabahu yenyewe mara nyingine huchongwa kwa theluji hiyohiyo. Mtu anaweza kucheka. Lakini kanisa hilo lilikuwa limekubali jambo zito kimyakimya, kwamba Jumapili ya watu imeshahamia mahali pengine, na kwamba lenyewe sasa ni mgeni ndani ya malango yao.

Ile Jumapili kali ya nyumba za maombi haikufa. Ilisafiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Wapentekoste wa Norwe walifika Kaziba, Kivu Kusini, na wenzao wa Sweden wakajikita sehemu nyingine za Kivu. Makanisa waliyoyapanda yamekua mno: CEPAC, lililotokana na Waswidi, ndilo linaloendesha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, ambayo daktari wake Denis Mukwege, mchungaji na mwana wa mchungaji, alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo Desemba 2018. Kisha vita vikawatawanya watu. Familia za Kikongo na za Kirundi zilizoishi miaka mingi Nyarugusu, mkoani Kigoma, au katika kambi za Uganda, zilichaguliwa kupitia Umoja wa Mataifa na kupelekwa Norwe, kila familia ikapangiwa wilaya yake, mara nyingi mji mdogo wenye theluji nyingi. Wakafika na Jumapili ile ambayo babu wa wenyeji wao ndio walioileta Kivu. Wakamkuta mjukuu wa mmisionari anapaka nta skii zake.

Jumapili ya familia hizo inajulikana. Makanisa ya wahamiaji mara nyingi hukodi jengo la Wanorwe, kwa hiyo ibada huanza mchana, wenyeji wakishamaliza yao. Huanza kwa sifa, kwaya ya akina mama, kwaya ya vijana, ushuhuda, mahubiri yenye mkalimani, sadaka, matangazo, na maombi ya wagonjwa. Kisha chakula, na baada ya chakula kikao. Mtoto wa miaka sita aliyeingia jua likiwa bado lipo hutoka gizani, na huko kaskazini Desemba giza halichelewi. Kiswahili cha mahubiri anakipata nusu. Jumatatu mwalimu huwaketisha watoto duara na kuuliza wikiendi ilikuwaje. Mmoja alichoma mkate kwenye kijiti juu ya moto, mwingine aliona nyayo za paa, na yeye anasema alikuwa kanisani. Hakuna swali la pili.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumhurumia, na waandishi wengi wa huko huishia hapo. Wamekosea. Mtoto huyo katika ibada ana mashangazi ishirini. Kuna mzee anayemwita kwa jina la bibi yake na kumuuliza kama amekula. Akianguka, wa kwanza kumwinua si lazima awe mama yake. Amebebwa na watu wengi kiasi ambacho mtoto wa Kinorwe, anayetembea msituni na baba, mama na dada yake mmoja, hana namna ya kukijua. Familia mbili zikikutana njiani msituni huitikiana kwa kichwa na kupishana. Kuna uzuri katika kimya hicho, na kuna umaskini pia. Yule mgeni aliyetajwa mwisho wa ile orodha ya Kutoka hana pa kukaa katika matembezi ya watu wanne. Asipoalikwa na mtu, anaweza kuishi Norwe miaka kumi bila kujua kibanda cha kakao kiko upande gani.

Kwa hiyo kila Jumapili ina upungufu wake. Ya kanisani ina watu lakini mtoto hana mwendo. Ya msituni ina mwendo, watu ndio hawapo. Kipimo cha amri ile kinabaki kilekile kwa zote mbili: yule aliye chini ya mamlaka, amelegezewa kamba?

Na hapo baridi inaitoa hoja katika falsafa na kuipeleka kwenye vifungo vya koti.

Katika nyuzi 10 chini ya sifuri mtoto hatoki nje, hutolewa. Ndani kabisa huvaa sufu, kwa sababu pamba hunywa jasho, ikalowa, kisha ikaunyonya mwili joto. Juu yake sufu nzito au manyoya ya kutengenezwa. Juu kabisa vazi la kuzuia upepo, la kipande kimoja toka shingoni hadi miguuni. Kofia. Skafu. Glavu, na glavu za akiba, kwa maana zile za kwanza zitalowa. Mafuta ya uso yasiyo na maji. Viatu visibane, kwani mguu uliobanwa hupungukiwa damu na kuganda upesi. Kazi hiyo ikishakamilika ndipo mtoto hutangaza kwamba anataka kwenda chooni.

Mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko mkubwa, maana ngozi yake ni nyingi ikilinganishwa na uzito wake. Hatari kubwa haiko kwa mtoto anayekimbia. Iko kwa yule aliyekaa kwenye sleji. Baba anavuta, anatokwa jasho, anafungua zipu, anajisikia vizuri kabisa. Nyuma yake, mita mbili tu, kuna mtu asiyefanya kazi yoyote na anayepoa kimyakimya. Watembezi wazoefu hufundishana kutomuuliza mtoto kama anasikia baridi, kwa sababu atasema hapana ili mchezo usikatishwe, au ndiyo ili apewe chokoleti. Wanavua glavu na kumgusa shingo kwa nyuma. Shingo haidanganyi. Na wanatazama mashavu: doa jeupe maana yake ngozi imeanza kuganda, na safari imekwisha.

Kwa mwanafalsafa wa maadili, sleji hiyo ni somo zima. Mzazi humpima mtoto kwa mwili wake mwenyewe, na anaweza kukosea kwa nia njema kabisa. Anayetembea hajui hali ya anayeburutwa. Hivyohivyo mtu mzima aliyejaa Roho katika saa ya tatu ya ibada hajui hali ya aliyeketi benchi la nyuma, miguu haifiki chini.

Inaonekana pia kwamba mapumziko ya mtoto wa nchi ya baridi hujengwa kwa kazi ya mtu mwingine. Hayo masaa mawili ya kuteleza yana saa nzima ya kuvalisha nyuma yake, na jioni nguo za kukausha. Amri inadai wote wapumzike siku moja; maisha yanaonyesha kwamba mmoja akipumzika, mwingine amebeba. Zamani Norwe mbebaji alijulikana: mama. Mwaka 1993 nchi hiyo ilitenga wiki nne za likizo ya uzazi kwa baba peke yake, asipozichukua zinapotea. Sasa ni wiki 15. Matokeo yanaonekana kwa macho kwenye njia za msituni, ambako wanaume wenye ndevu husukuma vigari vya watoto na kubishana juu ya aina za sufu. Sheria imefanya ambalo karne za mahubiri juu ya Jumapili hazikulifanya, kumtafutia mama nafasi katika orodha ile.

Si kila jamii inayaona mambo haya kwa jicho moja. Wanordiki huwalaza watoto wachanga nje ndani ya vigari vyao hata theluji inapoanguka. Nchini Ufini daktari wa watoto Arvo Ylppö, aliyeishi hadi miaka 104, aliipigia debe hewa safi kwa wachanga, na uchunguzi wa Marjo Tourula na wenzake wa Oulu, uliochapishwa mwaka 2008, uliwakuta wazazi wakieleza kwamba watoto hulala muda mrefu zaidi nje kuliko ndani. Lakini mwaka 1997 mama mmoja kutoka Denmark alimwacha mwanawe ndani ya kigari nje ya mgahawa mjini New York, kama ambavyo angefanya Copenhagen, akakamatwa na polisi, na mtoto akachukuliwa kwa siku kadhaa. Bibi wa Bukavu akiona kichanga barazani katika nyuzi 5 chini ya sifuri angewaita polisi hao mwenyewe. Upendo ni uleule. Kinachotofautiana ni kile ambacho kila jamii imejifunza kukiogopa.

Tusijidanganye kuhusu gharama. Msemo maarufu wa huko unaolaumu mavazi badala ya hali ya hewa ulitungwa na watu wenye mavazi. Sufu ni ghali, skii ni ghali, na mtoto hukua kabla theluji haijayeyuka. Ndiyo maana jambo la maana sana katika mjadala huu wote si hoja ya mwanafalsafa wala ya askofu bali ni zile ofisi za kuazimisha vifaa, ziitwazo BUA, ambako mtoto wa yeyote huchukua skii, sleji au buti bure na kuzirudisha baadaye. 

Kwa Waislamu hoja inaanzia pengine. Kurani, katika sura ya 62, huwaita waumini waache biashara wakati wa swala ya Ijumaa, kisha huwaruhusu watawanyike kutafuta riziki. Ijumaa ni ya kukusanyika, si ya kukaa bila kazi. Familia ya Kizanzibari au ya Kisomali ughaibuni huipokea Jumapili kama siku tupu iliyowekwa na wengine, na mara nyingi huijaza chuo cha Kurani, maana siku nyingine hakuna. Mjini Tromsø, nyuzi 69 kaskazini, hata siku yenyewe ina utata: jua halichomozi toka mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, na halizami toka karibu tarehe 20 Mei hadi 22 Julai. Ramadhani zilipoangukia majira hayo ya jua, waumini wa huko, baada ya kutafuta fatwa, walifuata saa za Makka, wakafuturu jua likiwa bado linawaka. Dini yenye nidhamu kubwa ya wakati iliona kwamba jua likishindwa kutoa ratiba, watu wataitafuta kwa mashauriano, na ibada haikupungua kitu. Ukishaliona hilo, ni vigumu kukubali kwamba ratiba ya Jumapili ya kanisa lolote imeandikwa kwenye jiwe.

Katika mji huohuo wa Tromsø alizaliwa, mwaka 1899, Peter Wessel Zapffe, mwanasheria, mpanda milima na mwanafalsafa ambaye angeyatazama yote haya na kutikisa kichwa. Katika insha yake ya mwaka 1933, Den sidste Messias, alidai kwamba ufahamu wa binadamu umekua kupita kiasi, mfano wa yule paa mkubwa wa kale ambaye, kwa maelezo ya siku hizo, pembe zake zilizidi ukubwa hadi zikamwangamiza. Binadamu anajua atakufa, na ili aweze kuishi hujikinga kwa njia nne: huyafukuza mawazo, hujifunga kwenye nanga kama dini, taifa na familia, hujishughulisha bila kutulia, au huyageuza maumivu kuwa sanaa. Hitimisho lake likawa kwamba watu waache kuzaa. Yeye hakuzaa. Akaishi hadi mwaka 1990 akipanda milima, ambayo aliipenda kwa sababu kuipanda hakujidai kuwa na faida.

Rafiki yake Arne Næss, profesa wa falsafa mjini Oslo tangu mwaka 1939 akiwa na miaka 27, alikuwa mchangamfu zaidi. Alijenga kibanda, Tvergastein, kwenye mita zipatazo 1,500 chini ya mlima Hallingskarvet, akaishi huko kwa vipindi virefu katika baridi na uhaba, na mwaka 1973 akaeleza falsafa yake ya mazingira inayosema kwamba nafsi ya mtu yaweza kupanuka hadi mlima uwe sehemu yake. Wazazi wengi wa Kinorwe wasiomsoma humfuata: mtoto aliyelijua ziwa kwa magoti yake, wanaamini, hatakubali lichafuliwe.

Wote wawili waliandika kama watu wanaoweza kufunga mlango wa kibanda na kuondoka. Katika falsafa zao mtu mwenye glavu iliyolowa haonekani sana. Hata hivyo Zapffe, kwa ukatili wake, ndiye aliyegusa mshipa. Mtoto hakuomba kuzaliwa. Hakuomba kuletwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, wala hakuchagua kati ya benchi na sleji. Zapffe aliona hilo ni sababu ya kutomleta. Mzazi ambaye ameshamleta analiona kama deni, na ile amri yenye orodha ya majina inaanza kuonekana kama njia ya kulilipa kidogokidogo, siku moja katika saba.

Watoto wenyewe, yafaa ijulikane, hawaupendi msitu kama wazazi wao wanavyosimulia. Wanorwe wengi wazima hukumbuka kwa uchungu matembezi ya Jumapili ya utotoni, wamenuna, wakivutwa kwa ahadi ya chokoleti. Chokoleti yenyewe ina jina na historia: Kvikk Lunsj, inayouzwa tangu mwaka 1937, na ndani ya karatasi yake huchapishwa kanuni za mlimani. Kanuni hizo zilianza kusambazwa miaka ya 1950 na kukaziwa baada ya Pasaka ya mwaka 1967, ambapo watu 18 walikufa milimani. Ziko 9, na zilifanyiwa marekebisho mwaka 2016. Ya 8 ndiyo inayojulikana kuliko zote: geuka mapema, kwani kugeuka si aibu. Taifa zima limeikariri kutoka kwenye karatasi ya chokoleti, na wapo watoto wanaoijua kabla hawajajua amri yoyote ya Musa.

Kanisani hakuna kanuni ya 8. Mchungaji wa Kikongo atajibu kwamba ibada si matembezi, na ana hoja: mtoto anayeruhusiwa kuondoka kila anapochoka hataujua wimbo hata mmoja hadi ubeti wa mwisho, na wazee waliotembea siku nne kukimbia vita wakiwa na Biblia kichwani hawakufundishwa kugeuka. Lakini hata kwenye theluji mtoto harudishwi kwa sababu amelia mara moja. Mzazi husimama, humtazama mashavu, humpa kipande cha chungwa, huvua glavu na kumgusa shingo, ndipo aamue kama ni uvivu au ni baridi. Wakati mwingine huamua kuendelea, na mtoto hufika kibandani akijivuna. Nani afanye kazi hiyo katika saa ya tatu ya ibada, na akishaigusa shingo afanye nini, ni suala ambalo wazee wa kanisa wangeweza kulipa nafasi katika kikao kinachofuata chakula, watoto wakiwa wameshavalishwa makoti na wanasubiri mlangoni.